Bosi kaniambia nipeleke import zote juu ya faili, sasa programu haiwaki

*"Niko Nairobi, na kazini tunatunza mfumo wa Python wa sacco moja ya matatu: makusanyo ya kila siku, malipo ya M-Pesa, na ripoti ya Excel ya mwisho wa mwezi. Nimezoea kuweka `import` ndani ya funksheni, pale pale maktaba inapohitajika, kwa sababu niliwahi kuambiwa kwamba hivyo ndivyo unavyookoa kumbukumbu. Mkubwa wangu ameagiza zote ziende juu ya faili. Nilianza na pandas, maktaba ya kuchakata majedwali ya data: amri ndogo ya kuangalia deni la dereva mmoja, iliyokuwa ikijibu papo hapo, ikaanza kuchukua kama sekunde tatu. Nilipohamisha zilizobaki, mfumo ukagoma kabisa: `ImportError: cannot import name 'Dereva' from partially initialized module 'madereva' (most likely due to a circular import)`. Nikizirudisha ndani, unawaka. Nani yuko sahihi kati yetu? Na je, `import` ikiwa ndani ya loop, faili husomwa upya kila mzunguko?"*

Mkubwa wako yuko sahihi kuhusu desturi, nawe hukosei kusema kwamba agizo lake limeuvunja mfumo. Lakini hakuharibu kitu kipya. Kosa lilikuwamo tangu zamani, na zile `import` za ndani ya funksheni zilikuwa zimelifunika tu. Zile sekunde tatu ni jambo jingine kabisa, lina dawa yake, na hapo huenda wewe ndiye mwenye hoja.

Tuanze na loop, maana jibu lake ndilo linalofungua mengine yote. La, faili haisomwi upya. Katika Python, `import` ni amri inayotekelezwa wakati programu inapoufikia mstari huo, sawa na amri nyingine yoyote. Mara ya kwanza kazi ni kubwa: Python hutafuta moduli katika orodha ya folda iitwayo `sys.path`, huisoma, huitafsiri kuwa msimbo wa baiti (ambao huhifadhiwa kwenye folda ya `__pycache__` ili kazi hiyo isirudiwe kesho), kisha huiendesha faili yote kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Moduli huandikwa katika kamusi moja kubwa iitwayo `sys.modules`. Kuanzia hapo, kila `import` ya moduli hiyo, iwe wapi, huitazama kamusi ile, huikuta, na kufunga jina. Gharama yake ni kama sehemu moja ya milioni ya sekunde, mara nyingi chini ya hapo. Loop ya malipo elfu kumi haitaihisi.

Kuna hali moja ambapo loop itaihisi. Ukiandika `try: import kitu` na `except ImportError:` ndani ya funksheni inayoitwa mara nyingi, na maktaba hiyo haipo kwenye mashine, Python haikumbuki kwamba iliikosa. Itapekua `sys.path` upya kila mara. Jaribio la namna hiyo lifanyike mara moja tu, juu ya faili, na matokeo yake yawekwe kwenye jina kama `INA_EXCEL = False`.

Sasa habari ya kumbukumbu. Aliyekuambia ana nusu ya ukweli. Funksheni isipoitwa kabisa, maktaba iliyo ndani yake haipakiwi, na hapo umeokoa kweli. Ila ikiitwa hata mara moja, maktaba hukaa kwenye `sys.modules` hadi programu izimwe. Funksheni kumalizika hakuiondoi. Kuandika `del pandas` pia hakuiondoi, kunafuta jina tu. Kwa seva inayokaa ikiwaka mwezi mzima, na ambayo lazima siku moja itatoa ripoti, akiba hiyo haipo.

Hata hivyo, sababu kubwa ya kuweka juu haihusu kasi wala kumbukumbu. Inahusu wakati wa kugundua tatizo. PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python wa tangu 2001, unataka `import` zikae juu ya faili, baada ya maelezo ya moduli na kabla ya majina ya jumla na thamani zisizobadilika. Zikiwa huko, maktaba inayokosekana hujulikana sekunde ile unapowasha mfumo. Zikiwa ndani ya funksheni, hujulikana funksheni inapoitwa. Ni heri dereva ajue stejini kwamba hana jeki kuliko ajulie Mlolongo saa nne usiku.

Mfano huu unao tayari kwenye mfumo wako, pengine bila kujua. Pandas yenyewe hupakia maktaba ya kuandikia Excel kwa kuchelewa, yaani pale tu unapoita `to_excel`. Kwa hiyo ukihamia seva mpya ukasahau kusakinisha `openpyxl`, `import pandas` itapita vizuri, majaribio yasiyogusa Excel yatapita, makusanyo yataingia wiki nne, kisha siku ya ripoti utaona `ModuleNotFoundError: No module named 'openpyxl'`. Kama mnategemea `openpyxl`, iandike kwenye `requirements.txt` kwa jina lake, na usitegemee kwamba pandas itaileta.

Ipo pia hatari ya `import` za ndani ambayo wengi hukutana nayo wakadhani kompyuta imerogwa. Tazama:

```python
import json

def soma_malipo(maandishi, hifadhi=False):
    data = json.loads(maandishi)
    if hifadhi:
        import json
        with open("malipo.json", "w") as f:
            json.dump(data, f)
    return data
```

Ukiita `soma_malipo('{}')`, bila hata kufika kwenye `if`, inaanguka kwenye mstari wake wa kwanza: `UnboundLocalError: cannot access local variable 'json' where it is not associated with a value`. (Matoleo yaliyotangulia 3.11 husema `local variable 'json' referenced before assignment`.) Juu pameandikwa `import json` waziwazi, kwa nini basi? Kwa sababu `import` hulipa jina thamani, na Python huamua kabla ya kuendesha funksheni ni majina gani ni ya ndani. Ikiona jina linapewa thamani popote ndani ya funksheni, hata ndani ya `if` isiyotimia, hulihesabu kuwa la ndani tangu mwanzo hadi mwisho. Ile `json` ya juu haionekani tena. Kinachonasa zaidi ni `import os.path` ndani ya funksheni: jina linalofungwa hapo ni `os`, kwa hiyo kila `os.getcwd()` iliyo juu yake katika funksheni hiyo itaanguka pia. Mtu hutafuta kosa kwenye `path` akakesha.

Tuje kwenye mfumo wako uliogoma. Kwa ujumbe ulioupata, faili zako zina sura ya namna hii:

```python
# madereva.py
from makusanyo import jumla_ya_siku

class Dereva:
    def deni(self, siku):
        return self.lengo - jumla_ya_siku(self, siku)
```

```python
# makusanyo.py
from madereva import Dereva

def jumla_ya_siku(dereva: Dereva, siku):
    ...
```

Fuata hatua kwa hatua. Faili ya kuanzia inaomba `madereva`. Python inaiandika `madereva` kwenye `sys.modules` ikiwa tupu, kisha inaanza kuiendesha. Mstari wa kwanza unaipeleka kwenye `makusanyo`. Mstari wa kwanza wa `makusanyo` unaomba `Dereva` kutoka `madereva`. Moduli ipo kwenye kamusi, kwa hiyo Python haiianzi upya (ingeianza upya, zingezungukana bila mwisho), lakini ndani yake `Dereva` bado haijafikiwa. Hapo ndipo penye maneno `partially initialized`: moduli iko nusu. `import` ilipokuwa ndani ya funksheni ilifanya kazi kwa sababu funksheni iliitwa baadaye sana, faili zote mbili zikiwa zimekwisha kusomwa.

Dawa inategemea kila upande unamhitaji mwenzake kwa nini. Jiulize hilo kabla ya kugusa chochote. Hapa `makusanyo` inamhitaji `Dereva` kwa kutaja aina yake tu, haimwiti popote. Hii ndiyo hali nyepesi kuliko zote:

```python
# makusanyo.py
from __future__ import annotations
from typing import TYPE_CHECKING

if TYPE_CHECKING:
    from madereva import Dereva

def jumla_ya_siku(dereva: Dereva, siku):
    ...
```

`TYPE_CHECKING` ni uongo programu inapoendeshwa, na ni kweli kwa vikaguzi vya aina kama mypy. Mstari wa `from __future__` huzuia Python isilitafute jina `Dereva` wakati wa kusoma faili, na lazima utangulie `import` nyingine zote, la sivyo unapata `SyntaxError`. Angalia jambo moja: kama funksheni hiyo inapitia FastAPI (ya kujengea huduma za wavuti) au darasa ni la Pydantic (ya kuhakiki data), maktaba hizo husoma aina wakati programu inaendeshwa, na zitalalamika kwamba `Dereva` hajulikani. Huko njia hii haifai.

Kama pande zote mbili zinahitajiana kikweli, basi kuna kitu cha tatu ambacho wote wawili wanakitaka na hakina nyumba yake. Kwenye mifumo ya hesabu, mara nyingi ni ile hesabu yenyewe. Toa `deni` kwenye darasa `Dereva`, iweke katika faili mpya `madeni.py` inayoingiza `madereva` na `makusanyo`, huku hizo mbili zisijue kwamba `madeni` ipo. Mishale yote inaelekea upande mmoja, na mzunguko umekatika. Hii ni kazi ya saa moja au mbili, si ya dakika tano, lakini ndiyo ninayoipendelea, maana faili mbili zinazohitajiana hivyo zitakusumbua kwingine hata usipogusa `import`. Kama mnatumia Django, mfumo wa kujengea tovuti, na mzunguko uko kwenye modeli (madarasa ya majedwali ya hifadhidata), kazi ni ndogo zaidi: `ForeignKey("madereva.Dereva", on_delete=models.PROTECT)`, jina likiwa ndani ya alama za kunukuu, na huhitaji kuingiza modeli hiyo hata kidogo.

Njia ya tatu ambayo utaambiwa na wengi ni kuacha `from` na kuandika `import madereva` tupu, kisha kuita `madereva.Dereva` ndani ya funksheni. Hufanya kazi, kwa sababu jina hutafutwa wakati wa kuita. Ila ina mtego. Tuseme umebadili `makusanyo` tu, na `madereva` bado ina `from makusanyo import jumla_ya_siku`. Ukianzia `madereva`, mambo ni shwari. Ukianzia `makusanyo`, inakwenda kwa `madereva`, nayo inaomba `jumla_ya_siku` ambayo haijafikiwa, na mnaanguka. Yaani programu hiyo hiyo inawaka au inagoma kulingana na faili ipi imetangulia. Halafu mtu anaendesha isort, zana ya kupanga `import`, nayo kwa desturi yake inatanguliza mistari ya `import` tupu kabla ya ile ya `from`, `import makusanyo` inaitangulia `from madereva import Dereva`, na lawama inamwangukia isort. Nikiona kwenye msimbo maandishi kama "usibadilishe mpangilio huu wa import", huwa nashuku kuna mzunguko chini yake.

Kuacha `import` ndani ya funksheni ili kuzima mzunguko si dhambi usiku wa kuamkia siku ya malipo. Andika maelezo ya mstari mmoja juu yake, `# ndani kwa sababu madereva na makusanyo zinazungukana`, ili anayekuja baada yako ajue ni bandeji.

Sasa zile sekunde tatu, na hapa usikubali kukemewa. Pandas ni nzito kweli, nayo huleta NumPy, maktaba ya hesabu, na moduli nyingine mamia. Kwenye seva ndogo au laptop ya zamani hilo ni sekunde nzima au zaidi. Kabla ya kuilaumu, pima:

```
python -X importtime deni.py 2> muda.txt
sort -t'|' -k2,2n muda.txt | tail -15
```

Kipimo hiki kipo tangu toleo la 3.7. Safu ya kwanza ni muda wa moduli yenyewe, ya pili ni muda wake pamoja na vyote ilivyovileta, kwa sehemu za milioni za sekunde. Endesha mara mbili na usome ya pili, kwa sababu ya kwanza huchanganya kasi ya diski na utafsiri wa msimbo wa baiti. Mara nyingi mzigo hauko ulikodhani: utakuta faili yenu wenyewe, labda `mipangilio.py`, inafungua hifadhidata au kusoma CSV kubwa juu kabisa, nje ya funksheni yoyote. Hiyo ndiyo ya kuhamisha, si `import`.

Kama ni pandas kweli, na amri ya deni haiigusi, suluhisho la kwanza ni kutenganisha faili. `deni.py` isiingize `ripoti.py`. Pandas ibaki juu ya `ripoti.py`, mahali pake halali, na anayetaka deni hatailipia. Mkishindwa kutenganisha kwa sababu amri zote ziko kwenye faili moja, hapo `import pandas` ndani ya `tengeneza_ripoti()` ni uamuzi sahihi. Pendekezo PEP 810, lililokubaliwa mwaka 2025 kwa ajili ya toleo la 3.15, linaleta `lazy import pandas` inayoandikwa juu lakini kupakiwa jina linapotumika mara ya kwanza. Kama seva yenu iko kwenye toleo la chini ya hapo, mstari huo ni kosa la sintaksia.

Kwa upande wa seva inayopokea ujumbe wa M-Pesa, geuza hesabu. Huko ucheleweshaji haupotei, unahamishiwa kwa mteja wa kwanza anayegusa funksheni ile, tena katika kila mchakato wa Gunicorn (programu inayoendesha seva ya Python kwa michakato kadhaa) peke yake. Weka juu, acha seva ichelewe kuwaka. Ukitumia `--preload`, Gunicorn hupakia programu mara moja kabla ya kuzaa michakato, nayo hugawana sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo. Hapo `import` ya juu ndiyo inayookoa kumbukumbu, kinyume cha ulivyoambiwa.

Kuna mahali pengine ambapo kushuka chini ya kichwa cha faili ni lazima. Skripti ya pekee inayotumia modeli za Django inabidi iite `django.setup()` kwanza, ndipo iingize modeli, la sivyo `AppRegistryNotReady: Apps aren't loaded yet.` Ishara za Django (signals, funksheni zinazoitwa tukio fulani likitokea) huingizwa ndani ya `ready()` ya `AppConfig`. Vigezo vya mazingira kama `OMP_NUM_THREADS` huwekwa kabla ya kuingiza NumPy, kwa kuwa husomwa wakati wa kupakia. Hizi wekea `# noqa: E402` mwishoni mwa mstari ili kikaguzi kikae kimya, na usiizime E402, kanuni inayolalamikia `import` isiyo juu ya faili, kwa mfumo mzima.

Huenda mkubwa wako alitoka kwenye Java, ambako `import` ni kifupisho cha jina tu kwa ajili ya mkusanyaji na haiendeshi chochote, au Go, ambako mzunguko hukataliwa hata kabla programu haijazaliwa. Mtu wa huko huona kuhamisha mstari ni usafi wa nyumba. Kwenye Python kuhamisha `import` ni kubadili mpangilio wa utekelezaji, na ndiyo maana agizo lenu halikupaswa kufanywa faili zote kwa mkupuo.

Fanya hivi. Rudisha hali ya zamani kwa Git. Hamisha faili moja, ukianza na zile zisizoingiza faili nyingine zenu, halafu panda juu. Makundi matatu, mstari mtupu katikati: maktaba za Python yenyewe, za kusakinishwa, kisha zenu. Kupanga waachie mashine: `ruff check --select I,E402,F401 .` kwanza bila `--fix`, uone itakachotaka. F401 itapendekeza kufuta `import` "zisizotumika", na baadhi ya hizo zipo makusudi, kama ile inayosajili ishara. Hakikisha pia hakuna faili yenu yenye jina la maktaba, mfano `csv.py` au `random.py`, kwa kuwa folda ya skripti hutangulia kwenye `sys.path` na itaimeza ile halisi.

Ukikuta mzunguko unapita faili nne au tano, acha kuhangaika peke yako. Chukua karatasi, kaa na mkubwa wako au yeyote aliyeuandika mfumo huo mwanzoni, mchore mishale ya nani anamwingiza nani. Kuamua hesabu ya deni ikae wapi kunahitaji mtu anayejua sacco inavyofanya kazi, na mimi siioni kutoka hapa. Tena msiupeleke mfumo unaoshika pesa kwenye seva halisi mwisho wa mwezi.

Kabla ya kila hatua kwenda kwa wengine, ita kila moduli peke yake, kila moja katika Python mpya:

```
for m in madereva makusanyo madeni ripoti; do
  python -c "import $m" || echo "$m imeanguka"
done
```

Mfumo ukiwaka lakini mstari mmoja hapa ukaanguka, kuna mzunguko ambao bado unategemea bahati ya nani ametangulia.